Star Wars Bila Lucas: Neno la Mwisho Limebaki kwa Nani?

Kila filamu au tamthilia mpya ya Star Wars inapotoka, mabishano huwa yale yale. Mmoja atasema kwamba kama George Lucas, muasisi wake, angekuwepo mambo yasingeharibika. Mwingine atamjibu kwamba Lucas huyo huyo ndiye aliyeongoza filamu za mwaka 1999 na 2002, ambazo mashabiki walizilalamikia kwa miaka. Wa tatu ataingiza habari za Disney, kampuni iliyoinunua Star Wars kwa Lucas, na pesa. Kila mmoja ana hoja, ila wanazungumzia mambo tofauti kana kwamba ni jambo moja, na ndiyo maana hawafiki popote.

Naipenda hadithi hii, na nadhani inastahili kufafanuliwa bila kelele. Muasisi wa mfululizo wa filamu ana vitu vitatu mkononi. Kuna umiliki, yaani hati, hakimiliki na faida. Kuna kazi yenyewe ya kuandika na kuongoza. Halafu kuna neno la mwisho juu ya hadithi: nani ni mtoto wa nani, nani afe, safari iishie wapi. Lucas aliviachia vitu hivi kwa nyakati tofauti, na kimoja aliwahi kukiachia akakichukua tena. Tukivitenganisha, sehemu kubwa ya ugomvi huu inaeleweka.

Mtu aliyechoka kukatiwa filamu zake

Ili kuelewa kwa nini aliuza, inabidi kwanza tuone kwa nini alishikilia kwa nguvu namna ile. Lucas, aliyezaliwa mwaka 1944 huko Modesto, California, alitengeneza filamu mbili kubwa kabla ya Star Wars, na zote mbili studio zilizikata dakika kadhaa kinyume na matakwa yake. Zilikuwa dakika chache, lakini kidonda hakikupona. Mengi aliyoyafanya baadaye yanatokana na hapo: hakutaka tena mtu mwingine ashike mkasi.

Filamu yake ya pili, American Graffiti ya mwaka 1973, ilivuma sana. Angeweza kuitumia kudai ujira mnono kwa filamu ya anga za juu aliyokuwa akiiandika kwa ajili ya 20th Century Fox. Badala yake alidai haki ya kutengeneza filamu za mwendelezo, pamoja na haki za bidhaa zitakazouzwa kwa jina la filamu hiyo. Fox hawakuona wanachopoteza, maana siku zile midoli na fulana za filamu hazikuwa biashara ya kumnyima bosi wa studio usingizi. Star Wars ilitoka tarehe 25 Mei 1977, ikiwa imegharimu takriban dola milioni 11. Kufikia Krismasi ya mwaka huo kampuni ya midoli ya Kenner ilikuwa imezidiwa na mahitaji, hata ikauza maboksi yasiyo na mdoli ndani, yenye hati tu ya kuahidi kwamba midoli itatumwa mwaka unaofuata. Watu walinunua.

Pesa hizo ndizo zilizomtofautisha Lucas na wenzake wa Hollywood. Filamu iliyofuata, The Empire Strikes Back, aliigharamia mwenyewe kwa akiba yake na mkopo wa benki. Gharama zilipopita makisio benki ikasita, akalazimika kuwaomba Fox wamdhamini. Hata hivyo filamu ilibaki yake, na Fox wakabaki wasambazaji. Kwa hiyo tunapoizungumzia Star Wars ya miaka ile tusiifikirie kama mali ya studio. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, na kwa filamu za ukubwa ule hilo lilikuwa jambo la nadra mno.

Alipokaa kando mara ya kwanza

Wengi husahau kwamba Lucas alikiacha kiti cha mwongozaji mapema sana. Kuongoza filamu ya kwanza kulimdhoofisha hata afya, na ya pili akamkabidhi Irvin Kershner, mwongozaji aliyemzidi umri na uzoefu. Mswada wa kwanza uliandikwa na Leigh Brackett, mwandishi mkongwe wa hadithi za kubuni za kisayansi, aliyefariki mwaka 1978 muda mfupi baada ya kuukabidhi. Lawrence Kasdan akaletwa kuumalizia. Filamu ya tatu, Return of the Jedi ya mwaka 1983, iliongozwa na Richard Marquand kutoka Wales.

Basi The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, ambayo mashabiki wengi huiweka juu ya zote, haikuongozwa na Lucas, na mazungumzo yake mengi yalipita mikononi mwa Kasdan. Hapo ndipo wanaodai kwamba bila Lucas hakuna Star Wars wanapokwama.

Lakini utazame uamuzi mkubwa kuliko yote katika filamu ile: Darth Vader, adui mkuu, ni baba yake Luke Skywalker, shujaa wa hadithi. Katika mswada wa Brackett jambo hilo halimo. Humo baba yake Luke anatokea kama mzuka, na Vader ni mtu mwingine kabisa. Ni Lucas aliyekaa na hadithi ile baada ya Brackett kufariki, akaiandika upya na kuingiza ukweli uliobadilisha maana ya filamu iliyotangulia na kuzitawala zote zilizofuata. Baadaye, wakati wa kuandaa filamu ya tatu, Harrison Ford alitaka Han Solo, mhusika aliyemwigiza, afe. Kasdan naye aliona kwamba mmoja wa wahusika wakuu akifa mapema, watazamaji wataingiwa na hofu ya kweli. Lucas akakataa, na Han akaishi.

Nahodha wa jahazi anaweza kumpa mwenzake usukani akaenda kulala, mradi bandari wanayoiendea anaijua yeye. Kershner aliachiwa afanye kazi kwa mtindo wake: akatulia na waigizaji, akazipa nyuso zao muda, akamruhusu Ford abadilishe jibu la Han pale Leia anapomwambia anampenda. Kasdan aliachiwa maneno. Mwelekeo wa hadithi hakuachiwa mtu.

Mikono ya watu wengine iliingia hata katika mambo madogo, na mojawapo linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Katika Return of the Jedi, Lando Calrissian anarusha chombo akiwa na rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma California, na mtazamaji anayejua Kikuyu hukisikia Kikuyu waziwazi katikati ya vita vya angani. Rotich aliitwa tena kutoa sauti hiyo katika filamu ya mwaka 2015, ile ile ambamo Lupita Nyong'o anaigiza kama Maz Kanata.

Miaka ya kushika kila kitu

Baada ya mwaka 1983 sinema zilinyamaza kwa miaka 16. Ndoa ya Lucas na Marcia Lucas, mhariri aliyeshinda tuzo ya Oscar kwa filamu ya kwanza pamoja na Paul Hirsch na Richard Chew, ilikuwa imevunjika. Marcia alikuwa miongoni mwa watu wachache walioweza kumwambia Lucas hapana akasikiliza, na pengo lake lilikuja kuonekana.

Katika ukimya huo riwaya zilichukua nafasi. Mwaka 1991 Timothy Zahn alitoa Heir to the Empire, na baada yake vikafuata vitabu, vibonzo na michezo ya kompyuta iliyoendeleza maisha ya Luke, Leia na Han kwa miongo. Lucas alitoa leseni na kupokea gawio, lakini hakukubali kufungwa na yaliyomo. Alipotengeneza filamu zake mpya, aliyapita mambo ya vitabuni pale yalipomzuia. Hili lina uzito, kwa sababu tarehe 25 Aprili 2014, chini ya Disney, Lucasfilm, kampuni aliyoiunda Lucas, ilitangaza kwamba riwaya zile sasa zitaitwa Legends na hazitazibana filamu mpya. Wasomaji wengi waliumia, na ninawaelewa. Mtu aliyesoma kwa miaka 20 ana haki ya kuhuzunika. Ila si kweli kwamba Disney ndiyo iliyovunja ahadi. Ahadi hiyo Lucas hakuwahi kuitoa.

Sasa tuje kwenye sheria, maana ndipo fundo lenyewe lilipo. Mwaka 1988 Lucas alifika mbele ya Bunge la Marekani kutoa ushahidi. Wakati huo wamiliki wa filamu za zamani walikuwa wakizitia rangi filamu zilizopigwa kwa nyeusi na nyeupe, bila kuwauliza waliozitengeneza. Lucas alisema kwa ukali kwamba wanaobadilisha au kuharibu kazi za sanaa kwa ajili ya faida wanafanya unyama, na kwamba filamu ni urithi wa umma. Alikuwa anagusa kile ambacho wanasheria hukiita haki za kimaadili: haki ya msanii kulinda heshima ya kazi yake hata baada ya kuiuza. Ufaransa haki hiyo haiuziki, inabaki kwa msanii. Marekani ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1989, lakini waongoza filamu hawakupata kinga ya maana. Kule mwenye hati ndiye mwenye kauli.

Mwenye hati ya Star Wars alikuwa Lucas mwenyewe. Mwaka 1997 alizirudisha filamu tatu za mwanzo kwenye sinema akiwa ameongeza viumbe vya kompyuta, ameingiza vipande vipya na kubadilisha tukio la Han Solo na Greedo ili Greedo awe wa kwanza kufyatua. Matoleo ya awali yakawa magumu kupatikana kwa picha nzuri kwa miaka mingi. Wengi humshutumu kwamba alijipinga. Sidhani hivyo. Kwake mtunzi ana haki ya kugusa kazi yake na mfanyabiashara hana. Msimamo huo haukubadilika. Ninachokiona kuwa kosa ni kuliondoa lile la zamani. Filamu ya mwaka 1977 iliingizwa mwaka 1989 katika kundi la kwanza kabisa la filamu zinazohifadhiwa kitaifa Marekani, na wahariri wale watatu walishinda tuzo kwa toleo lile, si kwa lile la 1997. Kazi ya wengi ilimezwa na hati ya mmoja.

Filamu tatu zilizofuata, za mwaka 1999, 2002 na 2005, ndizo zinazoonyesha hali ya vitu vyote vitatu kuwa mkononi mwa mtu mmoja. Alizimiliki, aliziongoza, na ndiye mwandishi wao mkuu. Zina mawazo makubwa: namna jamhuri inavyojigeuza udikteta kwa kura na makofi bungeni ni simulizi ambalo linazidi kupata uzito kila nikilirudia. Zina pia mazungumzo magumu mdomoni na mapenzi yasiyoshika moto, na hakuwepo Kasdan wa kusema sentensi hii hapana. Chuki ya mashabiki ikawaangukia hata waigizaji. Ahmed Best, aliyemwigiza Jar Jar Binks, alieleza hadharani mwaka 2018 kwamba aliwahi kufikia ukingoni mwa kujiua. Mwaka huo huo mwigizaji Kelly Marie Tran alifuta picha zake mtandaoni kwa sababu ya matusi juu ya filamu ambayo Lucas hakuhusika nayo. Kwa hiyo ukatili wa mashabiki haukuanza na Disney, na haukuwahi kuisaidia hadithi hata siku moja.

Alichouza mwaka 2012

Mwaka 2011 Bob Iger, mkuu wa Disney, alikutana na Lucas huko Orlando, kwenye ufunguzi wa kivutio kipya cha Star Wars katika bustani ya burudani ya Disney, akamuuliza kama amewahi kufikiria kuiuza kampuni. Lucas alikuwa hajawa tayari. Mwaka uliofuata akawa tayari. Alikuwa na miaka 68, amechoshwa na lawama, na alitaka kuiacha kampuni mahali patakapoitunza. Alimleta Kathleen Kennedy, mtayarishaji aliyefanya kazi miaka mingi na Steven Spielberg, ili aje kumrithi. Tarehe 30 Oktoba 2012 mauzo yakatangazwa: dola bilioni 4.05, karibu nusu fedha taslimu na nusu hisa zipatazo milioni 40 za Disney. Kwa kuwa Lucas ndiye aliyekuwa mwenye hisa pekee wa Lucasfilm, zote zilimwendea yeye. Aliahidi sehemu kubwa ya fedha hizo iende kwenye elimu.

Hata hati yenyewe haikuwa nyoofu. Fox walikuwa bado na haki ya kudumu ya kusambaza filamu ya kwanza, na haki ya kusambaza zile tano nyingine hadi Mei 2020. Disney ilinunua Star Wars bila kuweza kuziuza filamu zote sita kwa pamoja. Fundo hilo lilifunguka mwaka 2019 ilipoinunua Fox yenyewe.

Lililoumiza zaidi halikuwa la usambazaji. Lucas alikabidhi muhtasari wa hadithi tatu za filamu mpya. Iger ameeleza katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2019 kwamba Disney ilizinunua, lakini mkataba uliweka wazi kwamba haifungwi kuzifuata. Lucas alitia saini. Baadaye, katika kikao na Kennedy, mwongozaji J.J. Abrams na mwandishi Michael Arndt, ndipo alipotambua kwamba filamu mpya haitafuata alichoandika, na akahisi amesalitiwa. Iger mwenyewe amekiri kwamba jambo lile angeweza kulishughulikia vizuri zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2015 Lucas alizungumza kwa uchungu kwenye televisheni, akawafananisha wanunuzi na wafanyabiashara wa watumwa, kisha akaomba radhi.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Lucas alikuwa ameishi miaka 35 akiamini kwamba umiliki na neno la mwisho ni kitu kimoja, kwa sababu kwake vilikuwa kimoja. Alipouza umiliki, neno la mwisho lilikwenda nalo. Kisheria alijua, mkataba aliusoma. Moyoni nadhani alitarajia heshima ingefanya kazi ambayo mkataba haukuifanya.

Hadithi zake zingekuwaje? Amedokeza. Katika mazungumzo na James Cameron yaliyotoka mwaka 2018 alisema angeingia kwenye ulimwengu wa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoitwa Whills, ambao ndio wanaoendesha ile Nguvu wanayoitumia Jedi, wapiganaji mashujaa wa hadithi hii, na akakubali kwamba mashabiki wengi wangezichukia. Kwingine ameeleza habari za Darth Maul kuongoza wahalifu baada ya himaya kuanguka, na Leia kuijenga upya jamhuri. Ni mawazo ya ajabu, mengine yangenikera, na ningependa kuyaona.

Tarehe kabla ya hadithi

Siku ile ile ya kutangaza mauzo, Disney ilitangaza pia kwamba filamu ya saba itatoka mwaka 2015. Hapakuwa na mwongozaji wala mswada uliokamilika, lakini mwaka ulikuwepo. Naona kasoro nyingi zilizokuja baadaye zilianzia hapo. Arndt aliomba muda zaidi wa kuandika. Mwaka 2013 aliondoka, Abrams na Kasdan wakachukua kalamu. The Force Awakens ilitoka Desemba 2015 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 2. Ni filamu yenye uhai, waigizaji wapya ni wazuri sana, na inarudia umbo la filamu ya 1977 kupita kiasi. Lucas alilalamika kwamba haina jipya. Katika hilo niko upande wake.

Tatizo la ndani zaidi ni namna filamu tatu zilivyogawiwa. Abrams aliuliza maswali: wazazi wa Rey, shujaa mpya, ni nani, Snoke, adui mpya, katoka wapi, kwa nini Luke alijificha. Rian Johnson alikuwa tayari akiandika ya pili wakati ya kwanza ikipigwa, na akajibu kwa namna yake: wazazi wa Rey si watu maarufu, Snoke anauawa katikati ya filamu, Luke amekata tamaa na njia nzima ya Jedi. Mimi naiona The Last Jedi ya mwaka 2017 kuwa filamu jasiri. Kisha Colin Trevorrow, aliyepangiwa ya tatu, akaondoka Septemba 2017, Carrie Fisher akiwa ameshafariki Desemba 2016, na Abrams akarudi. The Rise of Skywalker ya mwaka 2019 ikamfufua Palpatine, mtawala mwovu wa filamu za zamani, na kumfanya Rey mjukuu wake. Jibu la filamu ya pili likafutwa na ya tatu. Mapato yalishuka kutoka takriban dola bilioni 2.07 hadi 1.33 hadi 1.07, pesa nyingi bado, lakini nusu ya watu walikuwa wamebaki nyumbani.

Mwaka 2021 Abrams mwenyewe alisema kwamba amejifunza umuhimu wa kuwa na mpango tangu mwanzo. Kwangu hilo linaeleza zaidi kuliko lawama zote za siasa zilizomwagwa juu ya filamu hizi. Waongozaji wawili walipewa uhuru aliopewa Kershner, ila nyuma yao hapakuwa na mtu anayejua Rey ni nani. Kennedy ni mtayarishaji hodari, na wahusika wa idara ya hadithi ya Lucasfilm walikuwepo kulinda ulinganifu wa majina, sayari na tarehe. Ulinganifu si mwelekeo. Unaweza kuwa na daftari lisilo na kosa la kila sayari na bado usijue hadithi inahusu nini.

Filamu ya Solo ya mwaka 2018 ilionyesha upande wa pili wa tatizo. Phil Lord na Chris Miller waliajiriwa kwa sababu ya mtindo wao, wakafukuzwa Juni 2017 wakati upigaji picha unakaribia kwisha, kwa sababu ya mtindo huo huo. Ron Howard akaja kuimalizia. Iliingiza chini ya dola milioni 400 na ikawa filamu ya kwanza ya mfululizo kupata hasara kwenye sinema. Baada ya hapo zikaja filamu zilizotangazwa kwa shangwe na kuondolewa kimya kimya, ikiwemo Rogue Squadron ya Patty Jenkins.

Wengine waliopita njia hii

Je, muasisi akitoka lazima hadithi iharibike? Hapana, na mfano uko jirani kabisa. Gene Roddenberry, muasisi wa Star Trek, aliisimamia filamu ya kwanza ya mwaka 1979, ikagharimu pesa nyingi mno. Paramount ikamsogeza pembeni kwa cheo cha mshauri. Harve Bennett na Nicholas Meyer wakatengeneza The Wrath of Khan mwaka 1982 kwa bajeti ndogo, Roddenberry akipinga kifo cha Spock, na mashabiki wengi wanaiona kuwa bora kuliko zote. Cameron naye aliuza haki za The Terminator kwa Gale Anne Hurd kwa dola moja ili tu aruhusiwe kuiongoza. Alipata alichotaka, akaongoza na ya pili mwaka 1991, lakini hati haikuwa yake tena, na filamu zilizofuata zilianza hadithi upya mara kwa mara bila yoyote kushika mizizi. Tofauti ya hizo mbili ni kwamba Bennett na Meyer walijua wanasimulia nini: mtu anayezeeka na kukabiliana na hasara.

Ndani ya Star Wars pia tumeliona hilo. Rogue One ya mwaka 2016 ilianza kama wazo la John Knoll, msimamizi wa picha za athari maalumu, kuhusu waasi walioiba ramani za Death Star, silaha kubwa ya himaya. Mwisho wake ulijulikana kabla ya neno la kwanza kuandikwa, na filamu ina uzito kwa sababu hiyo. Tony Gilroy, aliyeitwa kuikarabati, baadaye akapewa Andor, vipindi 24 vya mwaka 2022 na 2025 vinavyoishia pale Rogue One inapoanza. Hakuna Jedi anayerusha upanga humo. Kuna karani anayeogopa bosi wake, kuna wafungwa wanaounganisha vyuma wasivyojua vya nini, kuna seneta anayetafuta namna ya kuhamisha pesa bila kukamatwa. Kwangu ndiyo kazi bora ya Star Wars tangu 1980, na Lucas hayumo ndani yake kwa jina wala kwa mkono. Mada yenyewe ni yake: watu wa kawaida mbele ya dola lisilojali.

The Mandalorian iliyoanza Novemba 2019 ilishika njia nyingine. Jon Favreau aliiandika akiwa na Dave Filoni, ambaye Lucas alimwajiri mwaka 2005 na kukaa naye miaka kwenye mfululizo wa katuni wa The Clone Wars. Lucas alifika hadi mahali pa kupigia picha kutembea. Mwaka 2023 Filoni akafanywa msimamizi mkuu wa ubunifu wa Lucasfilm, na kwa mara ya kwanza tangu mauzo cheo cha kuangalia hadithi nzima kikawa kwa mtu aliyefundwa na muasisi. Sina hakika kwamba hiyo ni dawa. Filoni anaijua historia ya ulimwengu huu kuliko mtu yeyote, na hatari yake ni kuyapenda yaliyopita kiasi cha kuyarudia. Ningempa mwelekeo yeye na kalamu nimpe mtu wa aina ya Gilroy, kama alivyofanya Lucas na Kasdan.

Lucas mwenyewe hajatoweka. Mwezi Machi 2024, wakati mwekezaji Nelson Peltz alipokuwa akitaka kiti kwenye bodi ya Disney, Lucas alitangaza hadharani kwamba hisa zake zinamuunga mkono Iger, na Mei ya mwaka huo akapewa tuzo ya heshima ya Palme d'Or huko Cannes. Hisa hizo zinampa kura katika kuchagua wakurugenzi wa kampuni. Hazimpi kauli juu ya wazazi wa Rey. Hakimiliki ya filamu ya 1977, kwa sheria ya Marekani ilivyo sasa, itadumu miaka 95 tangu ilipotoka, yaani hadi mwisho wa mwaka 2072, na kuanzia siku inayofuata mtu yeyote ataweza kuisimulia upya bila kuomba ruhusa kwa Disney wala kwa warithi wa Lucas.